Mdogo wangu kasasisha kompyuta usiku, asubuhi mashairi yamevunjika

Ndugu Mshauri,

Salaam. Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo nisamehe pale nitakaporuka kutoka jambo hadi jambo.

Mimi ni msanifu michoro. Kazi zangu nyingi ni vitabu, yaani majalada na kurasa za ndani, na mara mojamoja nembo au bango. Kazi iliyo mezani sasa ni diwani ya mashairi, kurasa 96. Kurasa za ndani mteja alizipata kwa PDF mwezi uliopita, akazipitisha zote isipokuwa masahihisho ya kurasa tatu. Jalada nilikuwa nalichora mwenyewe kwa kalamu ya kompyuta: mti uliopindwa na upepo, mistari yake minene kwenye shina, ikikonda kadiri matawi yanavyopanda. Lilikuwa limebaki kidogo mno.

Jumamosi usiku nililala mapema. Mdogo wangu, ninayeishi naye, aliazima kompyuta aangalie mpira. Kikamtokea kile kidirisha cha kudai mfumo usasishwe, ambacho mimi nimekuwa nikikiahirisha tangu sijui lini. Akabonyeza "Sasisha sasa". Anasema alidhani ananisaidia. Na kwa kuwa programu yangu ya usanifu nayo ilikuwa na kialama chake chekundu, akaona asiache kazi nusu, akaibonyeza na hiyo.

Asubuhi nawasha, kalamu inasogeza mshale vizuri tu, lakini nikichora, mstari una unene uleule mwanzo hadi mwisho, nikandamize nisikandamize. Matawi yangu yamekuwa nyaya. Nikivuta picha karibu, skrini inajaa viraka vyeusi vinavyotokea na kupotea. Karatasi nyeupe imekuwa manjano kama gazeti la zamani.

Nikafungua diwani. Onyo: fonti haipo. Fonti hiyo ninayo tangu nilipoanza kazi, niliirithi kwa bosi wangu wa kwanza, nayo iko kwenye folda yenye mafaili mawilimawili ya jina moja. Folda ipo, mafaili yapo, nimeyasakinisha upya mara tatu, lakini programu inajifanya haiyaoni, imeweka fonti ya kwake. Maandishi yote yamepakwa rangi ya waridi na mishororo imekatika: ukwapi uko juu, utao umeangukia chini yake. Shairi la beti nane linasomeka kama maneno ya mtu mwenye kwikwi. Nimekaa usiku mzima nikirudisha mishororo kwa mkono, nimefika ukurasa wa 12, nikasevu, nikalia.

Rafiki yangu anayejua kompyuta anasema dawa ni moja, nipanguse kila kitu nianze upya. Diski ya nje ninayo, ipo kwenye droo, mara ya mwisho niliichomeka wiki tatu zilizopita. Faili linatakiwa kwa mpiga chapa Ijumaa ya wiki ijayo. Mteja amepiga simu mara mbili, na mara zote mbili nimemwambia nipo kwenye marekebisho madogomadogo.

Naomba unijibu matatu. Nipanguse? Ninazimaje masasisho yasirudi tena maishani mwangu? Na huyu mdogo wangu nimfanye nini, maana tangu Jumapili hatusemezani na leo ni Jumatano. Jina la mfumo na la programu siyataji. Sina haja ya ugomvi na kampuni ya mtu, nataka mashairi yangu.

Kalamu Ganzi

*

Dada Kalamu Ganzi,

Pole sana. Siku ileile barua yako ilipofika nilikutumia mistari minne ya haraka, kwa sababu kuna jambo moja kwenye habari yako lenye siku za kuhesabika. Haya sasa ni majibu kamili, yako na ya wengine wanaoamka asubuhi wakakuta meza yao ya kazi imehamishwa.

Usipanguse. Kuipangusa mashine kungekuondolea brashi zako, mipangilio yako na leseni zako, kisha ungesakinisha upya mfumo uleule na programu ileile, na fonti ingekataa vilevile. Rafiki yako ana nia njema, lakini anakutibu ugonjwa ambao huna. Ulichonacho ni maradhi manne yaliyoingia usiku mmoja, na kila moja lina mwenyewe. Tena lile lililokuliza, la mashairi, kwa maoni yangu halikuletwa na mfumo hata kidogo. Umelitaja kwa kupita tu: mdogo wako alibonyeza vitu viwili.

Kabla ya yote, acha kusevu diwani. Kila ukilisevu faili hilo unaliandika kwa muundo wa toleo jipya, na programu nyingi za usanifu haziwezi kufungua kwa toleo la zamani kazi iliyosevuwa kwa jipya. Kama programu yako ni InDesign, ile ya kupangia kurasa, kuna njia ya kutokea, unalitoa faili kwa muundo wake wa kubadilishana uitwao IDML nalo linafunguka kwenye matoleo ya nyuma, lakini hata hapo si kila kitu kinavuka salama. Kwa hiyo liache lilivyo. Toa diski kwenye droo, ichomeke, na ikijitolea kuanza bakapu mara moja, ikatalie. Kwanza nakili kutoka kwake faili la diwani la wiki tatu zilizopita, uliweke pembeni kwa jina jipya. Hilo ndilo utakalolifanyia kazi. Mteja alipitisha kurasa mwezi uliopita, basi nakala ya wiki tatu inazo zote kama alivyozipitisha. Utakachorudia ni masahihisho ya kurasa tatu, ikiwa hata hayo ulikuwa umeyaanza. Jalada ni kinyume chake, lile la leo ndilo lililokwenda mbali, lishike hilo.

Na zile kurasa 12 ulizozirekebisha kwa mkono, ziache zipotee. Najua zilikula usiku wako. Lakini uliipangia mishororo mahali kwa kufuata upana wa fonti ya kuazima, na fonti yenyewe ikirudi, hizohizo ndizo zitakazovunjika.

Sasa fonti. Mafaili mawilimawili ya jina moja, ya tangu enzi za bosi wa kwanza: bila shaka ni PostScript Type 1, aina ya zamani ya fonti. Angalia miishio ya majina ya mafaili. Ukikuta pfb na pfm, ndizo hizo. Moja linabeba maumbo ya herufi, jingine linabeba vipimo, yaani kila herufi inachukua nafasi kiasi gani. Ni teknolojia ya Adobe, kampuni ya programu za usanifu, ya miaka ya 1980, na kwa miaka mingi ndiyo iliyopanga vitabu vya dunia nzima. Kisha ikaja OpenType, aina mpya ya fonti, ambayo Microsoft na Adobe waliitangaza mwaka 1996, ikaweka yote ndani ya faili moja na nafasi ya herufi nyingi zaidi. Type 1 ikabaki inavumiliwa. Adobe wenyewe walitangaza mwaka 2021 kwamba wataiacha. Photoshop ikaiacha mwaka huohuo, na Januari 2023 ndipo msaada ulipokatwa kwenye programu zao nyingine, InDesign na Illustrator zikiwemo. Sikuulizi programu yako ni ya nani. Ninachokuambia ni kwamba mtengenezaji akishakata, unaweza kusakinisha fonti hiyo mara mia, mfumo ukaionyesha kwenye orodha yake, na programu ikaendelea kupita kama haijaiona.

Ndiyo maana mishororo ilikatika. Programu ilipoikosa fonti yako ikaweka nyingine, na ile nyingine ina herufi pana zaidi. Kwa insha ungeona aya imerefuka mstari mmoja, ungenung'unika ukaendelea. Ushairi hauna uvumilivu huo. Mshororo wa mizani 16 uliopangwa ukae sawasawa na upana wa ukurasa, kila herufi ikiongezeka unene wa unywele, ikifika mizani ya kumi na mbili nafasi imekwisha na utao unashuka chini. Sehemu ndogo sana ya milimita, mara idadi ya herufi zote za mshororo.

Njia ya kwanza, ambayo watu hawaifikirii: ile PDF ya mwezi uliopita. PDF nzuri hubeba fonti zake ndani, na Type 1 iliyokwishafungwa ndani ya PDF inaendelea kuonekana na kuchapika bila shida. Kilichokatwa ni uwezo wa kuandikia kwa fonti hizo, maandishi yaliyokwisha kufungwa hayaguswi. Ifungue kwa Acrobat Reader, nenda kwenye sifa za faili, sehemu ya fonti, uangalie kama mbele ya jina la fonti yako pameandikwa Embedded, yaani imefungwa ndani. Angalia pia kama ulimpa mteja PDF ya ubora wa chapa, yenye ukingo wa kukatia, au ile nyepesi ya kutumwa kwa simu. Kama ni ya ubora wa chapa, basi una kurasa 93 zilizokwishapitishwa ambazo hakuna sasisho litakalozigusa. Zimebaki tatu na jalada.

Kwa hizo tatu, na kwa maisha ya baadaye, unahitaji fonti hiyohiyo kwa OpenType. Tafuta kampuni iliyoichora. Fonti nyingi za zamani zilihamishwa na zinauzwa, na nyingine mwenye leseni ya zamani hupunguziwa bei. Zipo pia programu za kuigeuza fonti, kama FontForge, ambayo haina malipo, ila hapo nikuulize swali la kiutu uzima: fonti ya kurithi kwa bosi, leseni yake iko wapi? Leseni nyingi haziruhusu kugeuza, na nyingi hazirithishwi. Kitabu kinachouzwa kikiwa na fonti isiyo yako ni deni linalosubiri siku. Ukishapata OpenType, jina lake huenda likatofautiana kidogo na la zamani, kwa hiyo programu haitaiunganisha yenyewe. Tumia amri ya kutafuta fonti na kuibadilisha kwa hati nzima, kisha kaa na zile kurasa tatu na PDF ya zamani ubavuni, mshororo kwa mshororo. Hata fonti yenye jina lilelile inaweza kuwa imerekebishwa vipimo njiani.

Kuomba toleo la zamani la programu lirudi? Unaweza kujaribu. Kampuni kadhaa huruhusu kusakinisha toleo la kabla ya hili, tena matoleo mawili yakakaa kwenye mashine moja bila kugombana. Lakini ikiwa ulikuwa umeahirisha kwa muda mrefu kama unavyodokeza, toleo lako huenda limeshaondolewa kwenye rafu. Usiuweke mzigo wote hapo.

Kalamu ni jambo jepesi kuliko linavyoonekana, na dalili umeielezea vizuri kuliko mafundi wengi. Mshale unasogea, mkandamizo haufiki. Maana yake kompyuta inaitambua kalamu yako kama kipanya cha kawaida. Kinachoipa habari ya mkandamizo ni draiva, ile programu ndogo ya mtengenezaji wa kalamu inayokaa kati ya kalamu na mfumo, nayo ama imepinduliwa na draiva ya jumla iliyokuja na sasisho, ama imenyimwa ruhusa. Ondoa draiva ya sasa kabisa, zima na uwashe, kisha sakinisha mpya kutoka kwenye tovuti ya aliyeitengeneza kalamu. Kuiweka mpya juu ya ile mbovu mara nyingi hakusaidii.

Kama unatumia Mac, bado kuna hatua. Tangu macOS Mojave ya 2018, na zaidi Catalina ya 2019, mfumo hauruhusu programu kusikiliza vifaa vyako hadi wewe mwenyewe uikubalie. Fungua System Settings, ingia Privacy & Security, utafute Accessibility na Input Monitoring. Draiva ya kalamu iwe imewashwa kote kuwili. Ukiikuta tayari imewashwa na kalamu bado ina ganzi, iondoe kwenye orodha uiongeze upya, kwani baada ya sasisho kubwa alama hubaki pale lakini ruhusa yenyewe imeshakufa. Kama ni Windows, tatizo huwa kwenye Windows Ink, njia ya Windows yenyewe ya kupokea kalamu. Kuna programu zinazopokea mkandamizo kupitia Ink na kuna zinazotumia njia ya zamani iitwayo WinTab, na sasisho linaweza kukuacha draiva ikizungumza lugha moja na programu ikisikiliza nyingine. Krita, programu ya kuchorea, kwa mfano, inakuachia uchague mwenyewe kwenye mipangilio ya tableti. Jaribu moja, chora mstari, jaribu ya pili. Ukiona shina linanenepa tena chini ya mkono wako, umepata. Na mti wako haukuharibika, mistari uliyoichora kabla ya Jumamosi iko vilevile.

Viraka vyeusi ni kadi ya michoro. Ingia kwenye mipangilio ya programu, zima matumizi ya kadi hiyo, fungua upya. Viraka vikitoweka, mkosaji ni draiva ya kadi, na unaweza kumaliza jalada hivyohivyo, taratibu kidogo, huku ukitafuta draiva nzuri. Kwenye Windows kuna kitufe cha kuirudisha draiva ya awali ndani ya Device Manager. Wenye kadi za NVIDIA wachukue draiva za Studio, zilizoanza 2019 kwa ajili ya watu wa kazi kama yako, waachane na zile za wacheza michezo zinazobadilika kila kukicha.

Umanjano. Hapa nitakuchekesha. Windows na macOS zote mbili ziliongeza, mwaka 2017, kipengele cha kupunguza mwanga wa buluu wakati wa usiku, na sasisho au mtu aliyekuwa akiangalia mpira gizani anaweza kukiwasha. Angalia hapo kwanza. Mimi mwenyewe niliwahi kusahihisha picha za katalogi nzima jioni, nikizipoza rangi kwa sababu niliziona zina manjano, asubuhi nyuso zote zilikuwa za buluu kama watu waliozama. Ukikuta kimezimwa na umanjano upo, basi mfumo umetupa profaili ya rangi ya skrini yako, yaani faili la vipimo vya jinsi skrini hiyo inavyoonyesha rangi, na kuweka ya jumla. Ichague upya kwenye mipangilio ya skrini, au pima skrini upya kama una kifaa. Usiguse rangi za jalada hadi hili liishe.

Ile habari ya siku za kuhesabika ni hii. Kama mashine yako ni Windows na lililoingia ni toleo jipya zima, mfumo wa zamani haujafutwa, umewekwa kwenye folda ya Windows.old, na una siku 10 za kurudi kupitia sehemu ya Recovery. Baada ya hapo unajifuta wenyewe, na ukiendesha usafishaji wa diski kabla ya hapo unaufuta kwa mkono wako. Kama lililoingia ni sasisho la kawaida la mwezi, linaondolewa peke yake kwenye historia ya masasisho. Mac haina kitufe cha namna hiyo. Kurudi nyuma ni kufuta diski, kusakinisha mfumo wa zamani na kurejesha vitu kutoka kwenye bakapu, tena huwezi kushuka chini ya toleo ambalo mashine ilitoka nalo kiwandani. Nimekutajia ili ujue mlango uko wapi. Kwa hali yako nisingepita humo. Mfumo wa zamani hautaileta fonti, na hayo mengine matatu yanatibika jioni moja.

Kuzima masasisho maisha yote, hapana, na katika hili sitakubembeleza. Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka, yaani sasisho dogo la usalama, cha kuziba tundu fulani kwenye Windows. Mei mwaka huohuo virusi vya WannaCry vikapita katika tundu lilelile, vikafunga mafaili ya kompyuta duniani kote, hospitali za Uingereza zikiwemo, na waliofungiwa ni wale ambao kiraka hicho hawakuwa nacho. Dawa ilikuwepo miezi miwili nzima. Mtu mwenye mafaili ya wateja hawezi kukaa mlango wazi namna hiyo.

Ila pia silaumu kusita kwako. Toleo la Windows 10 la Oktoba 2018 lilisimamishwa siku chache tu baada ya kutoka kwa sababu lilikuwa likifuta mafaili ya baadhi ya watu, na likarudi Novemba. Na macOS Catalina ya 2019 ilizikata programu zote za biti 32, yaani zilizoundwa kwa mtindo wa zamani, kwa mpigo. Waliokuwa wamenunua programu ya usanifu mara moja wakaishi nayo miaka waliamka haifunguki kabisa. Hao walikuwa na msiba mkubwa kuliko wako.

Kwa hiyo yatenganishe. Viraka vya usalama viingie ndani ya siku chache, navyo mara chache sana hugusa kalamu au fonti. Windows huvitoa Jumanne ya pili ya kila mwezi, basi panga kazi nzito zisiangukie Jumatano yake. Toleo jipya lenye jina au namba mpya, hilo liache watu wengine walifungue. Subiri sahihisho la kwanza au la pili, usome ukurasa wa mtengenezaji wa programu yako, na wa kalamu, kuona kama wameandika kwamba wanaliunga mkono. Windows inakuruhusu kusitisha hadi wiki tano, na Apple kwa kawaida huendelea kutoa viraka kwa matoleo mawili yaliyotangulia, kwa hiyo kusubiri kwa Mac hakukuachi uchi. Usisasishe chochote kazi ikiwa mezani. Na siku ya kusasisha ikifika, kitu kimoja kwa siku moja: mfumo leo, programu wiki ijayo. Ungekuwa na mpangilio huo, ungejua Jumapili asubuhi nani kakuharibia nini, usingehitaji kuniandikia.

Mdogo wako. Kidirisha kiliuliza, akajibu. Swali lilikuwa lako, na ulikuwa umeliacha hapo miezi kadhaa likimsubiri yeyote atakayekaa kwenye kiti. Alikuambia mwenyewe alichofanya, vyote viwili, na bila la pili hata mimi ningebaki kukisia. Mfungulie akaunti yake kwenye kompyuta, ya kawaida isiyo na mamlaka ya kusakinisha, aangalie mpira wake humo, nywila ya usimamizi ibaki kwako. Kisha msemeshe wewe kwanza, wewe ndiwe mkubwa.

Mteja ndiye aliyenipa wasiwasi kuliko kompyuta. "Marekebisho madogomadogo" mara mbili yanatosha, la tatu litakuwa uongo. Mpigie simu, usimweleze habari za draiva. Mwambie: programu yangu imeacha kuikubali fonti ya kitabu, kurasa ulizozipitisha ziko salama, zimebaki tatu na jalada, nitakutumia hizo tatu Jumatatu uzithibitishe upya, kwa sababu fonti ni toleo jipya la ileile. Mwombe hasa aangalie utao wa kila mshororo kama umekaa mahali pake. Mshairi atafurahi kuulizwa hilo.

Na mpiga chapa naye mpigie leo, umuulize kama anapokea kurasa 93 kutoka PDF moja na tatu kutoka nyingine, au anataka uziunganishe mwenyewe kabla ya kumtumia. Wengine hawapendi kuunganisha. Ni heri ulijue hilo leo kuliko Ijumaa saa kumi jioni.